Ufuo wa Pili wa Kiswahili: Gujarat Itazamwavyo Kutoka Mulot

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Methali hii hukaririwa katika kila darasa la fasihi simulizi, lakini ni nadra kuulizwa ni nani hasa aliye mgeni na ni nani aliye mwenyeji katika nyumba ya Kiswahili. Jibu lililozoeleka ni jepesi: mwenyeji ni Mswahili wa pwani, mgeni wa heshima ni Mwarabu, na waliosalia wote ni wapita njia. Jibu hili lina kasoro, na kasoro yake huonekana vizuri zaidi mbali na pwani, katika mji kama Mulot.

Mulot ni mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Narok kwenda Bomet, kando ya mto Amala, mahali ambapo kaunti hizo mbili zinapakana. Nyuma yake, kuelekea Bomet na Kericho, nchi inapanda hadi kwenye mashamba ya chai. Mbele yake, upande wa Narok, mbuga zinaanza kufunguka, na maji ya Amala yanateremka kwenda kukutana na yale ya Nyangores ili kuuzaa mto Mara. Mkipsigis na Mmaasai hukutana hapo kuuziana mahindi na mifugo. Katika miaka ya karibuni jina la mji huu limetajwa magazetini zaidi kwa sababu ya ulaghai wa simu kuliko kwa jambo jingine lolote. Hiyo ni dhuluma kwa wakulima na wafugaji walio wengi, na ni ushahidi kwamba mahali hufichika machoni pa watu pindi panaposimuliwa kwa kisa kimoja tu.

Na atazamwe abiria anayeshuka hapo. Ametelemka kutoka kwenye gari. Amelipa kwa pesa. Anaagiza chai na chapati, na pembeni ya nyama anawekewa kachumbari. Akishashiba anakwenda kuuliza bei ya gunia la mahindi, na mfukoni amehifadhi cheti cha bima ya pikipiki yake. Bei ni neno la Kiarabu, hilo halina mjadala. Lakini gari, pesa, chapati, kachumbari, gunia, cheti na bima yote yana asili ya India, na chai, ingawa safari yake ndefu ilianzia Uchina, imo katika kundi hilo hilo, kwa kuwa Kiarabu sanifu husema shay. Duka nalo linadaiwa na Waarabu, Waajemi na Wahindi kwa pamoja, kama mtoto mwenye wajomba wengi. Hata huduma ya fedha kwa simu iliyoanzishwa na Safaricom mwaka 2007, ambayo pasipo nayo soko la Mulot lisingeamka, imebeba jina la paisa, sarafu ndogo ya Kihindi. Na Mkipsigis anapoliita gari karit, amekopa kwa Kiswahili kilichokwisha kukopa ng'ambo ya bahari.

Aulizwe sasa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili, awe wa Narok au wa Kabianga, asili ya maneno ya kigeni katika lugha anayoisomea. Atataja Kiarabu kwa ufasaha, atatoa mifano 20 pasipo kupumua, kisha ataongeza Kireno, Kijerumani na Kiingereza. Kihindi atakitaja mwishoni, kwa neno moja au mawili, kama mtu anayekumbuka kumwalika jirani baada ya pilau kuisha. Si kosa lake. Kwa miongo mingi wataalamu walikuwa katika vita vya haki vya kuthibitisha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu na wala si zao la Kiarabu. Katika vita hivyo Mwarabu alikuwa mshindani, kwa hiyo alitajwa katika kila mhadhara, hata kama alitajwa ili ashindwe. Mhindi hakuitwa hata kutoa ushahidi. Matokeo yake ni kwamba bahari ya Kiswahili, katika vichwa vya wasomi wake, imebaki na ufuo mmoja tu wa ng'ambo. Ufuo wa pili upo, una jina, na jina lake ni Gujarat.

Gujarat ni jimbo lililo magharibi mwa India, lililoundwa rasmi tarehe 1 Mei 1960, na ndilo lenye pwani ndefu kuliko majimbo yote ya nchi hiyo. Ndani yake mna Kutch, nchi kame ya chumvi na mchanga, ambako punda mwitu wa Kiasia bado wanakimbia katika uwanda uitwao Little Rann. Mna rasi ya Saurashtra yenye msitu wa Gir. Mna Porbandar, alikozaliwa Gandhi mwaka 1869. Mna Ahmedabad, mji uliozungukwa na historia ya masultani, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2017 kuwa urithi wa dunia. Kule Patan kuna kisima cha ngazi kiitwacho Rani ki Vav, jengo lililoteremka ardhini badala ya kupanda angani, kuta zake zikiwa zimejaa sanamu za mawe. Ngoma yao ya garba, inayochezwa kwa kuzunguka katika siku tisa za Navratri, ilitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2023; lakini mkazi wa Nairobi au Kisumu aliyepita jirani na kumbi za Wahindi wakati wa sikukuu hiyo hakuhitaji kusubiri UNESCO ili aisikie.

Orodha ya namna hii yaweza kupatikana katika kitabu chochote cha watalii. Kinachomhusu msomi wa Kiswahili ni kwamba kati ya vitu hivyo vingi, vingine ni vyake.

Kwanza kuna upepo. Kaskazi ilivuma ikaleta vyombo kutoka Gujarat hadi Mombasa, Lamu na Unguja, na kusi ikavirudisha. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya 1, kijulikanacho kama Periplus, kinalitaja soko la Barygaza, ambalo ndilo Bharuch ya leo katika Gujarat, na katika kitabu hicho hicho imo Rhapta, bandari ya mwisho ya pwani yetu waliyoijua. Kinasema kwamba vyombo vya kutoka Barygaza vilipeleka katika bandari za Pembe ya Afrika ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, na asali itokayo kwenye tete, ambayo waandishi hao waliiita sakkhari. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba sukari ni neno la Kiarabu hakudanganywa, maana lilitufikia kwa mkono huo. Lakini Mwarabu mwenyewe alilipokea kutoka mashariki, na chimbuko lake ni Kisanskriti.

Kisha kuna kisa cha Malindi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa pale rubani wa kumvusha hadi India. Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilimtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, na wako walimu ambao hadi leo wanaliandika jina hilo ubaoni. Watafiti wengi wameliacha dai hilo. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walisema alikuwa Mwislamu wa Gujarat, wakamwita Malemo Cana. Na malemo hiyo si jingine ila lile neno lililotupa mwalimu. Hapa ugonjwa unaozungumzwa unaonekana waziwazi: Mgujarati alikuwa amesimama palepale katika kumbukumbu, akaondolewa, akawekwa Mwarabu, na hakuna aliyeona pengo.

Biashara iliendelea. Khambhat ilitoa nguo na shanga za akiki nyekundu, na shanga za aina hiyo zimefukuliwa katika magofu ya miji ya Waswahili, Kilwa ikiwamo. Bafta, kitambaa cheupe chepesi ambacho Bharuch ilisifika kwacho, iliingia katika Kiswahili pamoja na jina lake la Kiajemi. Sayyid Said alipoifanya Unguja makao yake katika karne ya 19, ushuru wa forodha wake ulikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch. Tharia Topan, Mwismaili aliyetoka Kutch pia, ndiye aliyegharimia lile jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, lililoanzwa mwaka 1887 na kumalizika mwaka 1894 baada ya yeye kufariki, ambalo wageni wa Mji Mkongwe hulipiga picha kwa jina la Zahanati ya Zamani. Na ile milango ya Unguja yenye tao la mviringo juu, ambayo kalenda zetu huiita milango ya Kiarabu, imefuata nakshi za Kigujarati.

Lugha haikusubiri nyuma. Banyani, jina ambalo Waswahili waliwapa Wahindu, limetokana na vaniya, yaani mfanyabiashara kwa Kigujarati. Laki na hundi ni maneno ya daftari la Mhindi. Kwa upande wa pili, mwaka 1890 Alidina Somji Lilani alichapisha mwongozo wa kujifunzia Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kigujarati. Jambo hilo lastahili kusomwa mara mbili. Katika historia ya maandishi ya Kiswahili, mwanafunzi hufundishwa hati ya Kiarabu na hati ya Kilatini, halafu mlango unafungwa. Kumbe ilikuwapo hati ya tatu, iliyotumiwa na watu waliohitaji Kiswahili kwa ajili ya riziki na si kwa ajili ya dini wala utawala, na haitajwi.

Isidhaniwe kwamba huu ni wimbo wa sifa. Fedha za Wagujarati zilikuwa damu ya uchumi wa Unguja, na uchumi wa Unguja ulikuwa wa karafuu, pembe na watumwa. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza kisiwani, Rigby, aliwalazimisha raia wa Kihindi kuwaachilia watumwa waliokuwa wakiwamiliki, na idadi yao ilihesabiwa kwa maelfu. Baadhi ya Waafrika waliovuka bahari kwenda Gujarat walivuka kwa minyororo. Hao ndio wanaoufikisha mjadala huu mahali pake panapouma.

Katika kijiji cha Jambur, kando ya msitu wa Gir, wanaishi Wasidi. Sura zao ni za Kiafrika, lugha yao ni Kigujarati, dini yao kwa wingi ni Uislamu. Mababu zao walifika kwa njia nyingi katika karne nyingi: wengine watumwa, wengine askari, wengine mabaharia na wafanyabiashara. Wengine walipanda cheo: Sidi Saiyyed, Mhabeshi wa asili, ndiye aliyejenga mnamo mwaka 1573 msikiti wa Ahmedabad ambao madirisha yake ya mawe, yaliyochongwa mfano wa mti unaojipinda, yamekuwa nembo ya mji huo. Huko Ratanpur, kwenye machimbo ya akiki, Wasidi huzuru kaburi la Bava Gor, walii ambaye masimulizi yao yanasema alitoka Afrika na kuanzisha biashara ya mawe hayo. Wanapokusanyika hucheza na kupiga ngoma zao, na mchezo wenyewe huuita goma. Hakuna haja ya kamusi. Mmoja wao, Hirbai Lobi wa Jambur, alitunukiwa nishani ya Padma Shri na serikali ya India mwaka 2023 kwa kazi yake ya kuwainua wanawake wa jamii hiyo. Ni vyuo vingapi vya Afrika Mashariki ambavyo wanafunzi wao wa Kiswahili wamewahi kulisikia jina lake?

Majirani wa Wasidi hao ni simba. Gir ndiyo nyumba ya mwisho duniani ya simba wa Kiasia, ambao zamani walienea hadi Uajemi na nchi za Waarabu. Walikaribia kutoweka mwanzoni mwa karne ya 20, wakanusurika kwa kulindwa na nawabu wa Junagadh. Msitu ukafanywa hifadhi mwaka 1965, na hesabu ya mwaka 2025 ilipata simba 891. Mkazi wa Mulot haoni ajabu katika hilo, kwa kuwa akiufuata mto wake kuteremka atafika Maasai Mara. Atakachokiona ajabu ni jina. Kisanskriti humwita mnyama huyu simha, na Kigujarati kimelihifadhi jina hilo hilo likiwa limepungua kidogo mwishoni. Ndilo pia lililozaa Singh, jina la Masingasinga.

Hapa ndipo msomi chipukizi huruka na kupiga kelele kwamba simba ni neno la Kihindi. Na atulie. Simba lina ndugu zake katika lugha za Kibantu za bara, kama shumba ya Kishona, na wanaisimu huurejesha mzizi wake hadi Mame-Bantu, kabla ya jahazi lolote. Kufanana kwa simba na simha ni sadfa. Mtu akiutetea ufuo wa pili kwa kunyakua kila neno linalofanana, atakuwa amerudia kosa la wale waliokigeuza Kiswahili kizima kuwa Kiarabu kwa kuhesabu maneno. Tahadhari hiyo hiyo yafaa hata kwa maneno yenye asili ya India bila shaka. Kigujarati husema gadi, ilhali Kihindustani husema gari. Kwa hiyo gari letu pengine lilishuka kwa mdomo wa Mpunjabi au Mhindi wa Bombay kuliko wa Mkutchi. Kifupisho kimoja cha Kihindi katika kamusi kinafunika lugha nne au tano ambazo wasemaji wake hawakuja kwa wakati mmoja wala kwa kazi moja. Hilo nalo ni shamba ambalo halijalimwa.

Wanyama wengine hawajali lugha. Heroe mdogo, yule ndege wa waridi wa Nakuru na Bogoria anayetaga Natron, ana jamaa zake wanaotaga katika uwanda wa chumvi wa Kutch. Yule papa mkubwa mpole mwenye madoa, ambaye watu wa Mafia humwona karibu na kisiwa chao, hufika pia pwani ya Saurashtra. Wavuvi wa pwani yetu wamemwita papa shilingi kwa sababu ya madoa yake. Wagujarati walimwinda kwa ajili ya mafuta ya ini hadi sheria ya mwaka 2001 ilipokataza. Kisha kampeni ya kumwokoa ikampa jina la vhali, mpendwa, ikamfananisha na binti anayerudi kwao kujifungua. Mtafiti wa fasihi simulizi na mazingira angepata hapo tasnifu nzima, na asingelazimika kuandika tena juu ya methali zinazotaja fisi.

Lakini turejee bara, maana ndiko swali lilikoanzia. Imani iliyoenea nchini Kenya ni kwamba Wahindi waliletwa na Waingereza kujenga reli. Ni kweli nusu. Kati ya mwaka 1896 na 1901, reli ilipokuwa ikisukumwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, takriban vibarua 32,000 waliletwa kwa mkataba, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa kazini, na waliobaki baada ya mikataba hawakufika 7,000. Hao ndio waliotupa neno kuli kwa maana tunayoijua, neno ambalo wengine hulihusisha na Wakoli wa Gujarat na wengine na ujira kwa Kitamili, na ambalo Adam Shafi alilifanya jina la riwaya yake ya makuli wa bandari ya Unguja mwaka 1979. Wenye maduka ni habari nyingine. Allidina Visram alitua Bagamoyo kutoka Kutch mwaka 1863, miaka zaidi ya 30 kabla ya reli, akafuata njia za misafara, na baadaye njia ya reli, akiacha duka nyuma yake kila alipopita, hata Kisumu na Uganda. Aliyemfuata alijenga duka la mabati Kericho, aliyefuata akajenga Sotik, na kila duka lilikuwa darasa la Kiswahili lisilokuwa na ubao. Mkipsigis aliyeleta ngozi au mahindi hakukutana pale na Mswahili wa Lamu wala Mwarabu wa Muscat. Alikutana na Mgujarati, nao wawili, kila mmoja akiwa mgeni wa lugha ile, wakakubaliana bei kwa Kiswahili na kulipana kwa rupia, sarafu iliyotumika nchini hadi mwaka 1920. Chai yenyewe, ambayo ilijaribiwa Limuru mwaka 1903 na kupandwa kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, ilikuwa mmea uliotoka India. Mjini Kericho ingalipo gurdwara kubwa inayomkumbuka Baba Puran Singh, aliyeishi huko kabla ya kuhamia Uingereza katika miaka ya 1970. Huyo alikuwa Singasinga wa Kipunjabi na si Mgujarati, ila wapita njia wengi humweka katika kapu lile lile la Mhindi.

Kwa nini basi Mgujarati haonekani tena katika vituo vidogo vya biashara? Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo mengi nje ya miji mikubwa. Waliokuwa na pasi za Uingereza wakaondoka, waliokuwa raia wengi wakahamia mijini. Sheria hiyo ilikuwa na sababu zake, na haki ya Mwafrika kuingia katika biashara aliyozuiwa na ukoloni haihitaji kutetewa hapa. Duka likabadilisha mwenyewe. Maneno yakabaki kaunta.

Pamoja na maneno ikabaki kejeli. Katika michezo ya redio na vichekesho vya televisheni, Mhindi ni yule anayesema veve badala ya wewe, asiyejua ngeli, anayeamrisha kwa vitenzi visivyo na viambishi. Hadhira hucheka. Kisha anaingia Mkalenjin, naye ni yule anayechanganya b na p, d na t, g na k, duka likawa tuka na baba akawa papa. Hadhira hucheka tena, na safari hii mwanafunzi aliyetoka Mulot, aliyeketi nyuma darasani, hucheka nusu mdomo. Isimu ina maelezo rahisi ya mambo haya: Kigujarati hakitofautishi v na w, na lugha za Kikalenjin hazitenganishi vipasuo ghuna na visoghuna. Ni suala la fonolojia tu. Lakini mwanafunzi huyo anajua asichoambiwa na fonolojia, kwamba akifungua kinywa katika mdahalo, wako watakaoacha hoja yake na kusikiliza lafudhi. Wengine wameacha kuinua mkono. Wako waliobadilisha kozi.

Kuna watakaosema kwamba kumfundisha mwanafunzi juu ya Gujarat hakutamwondolea kejeli hiyo. Huenda. Hata hivyo kejeli hiyo inasimama juu ya fundisho moja, kwamba Kiswahili kina wenyewe waliokaa ufukoni, na kila aliyekipata dukani, shambani au kambini ni mkopaji. Historia haikubaliani na fundisho hilo. Lugha iliyofika Mulot ilifikishwa na wasiokuwa wenyewe, ikapokelewa na wasiokuwa wenyewe, ikawa ya wote kwa kutumika. Ukimwondoa Mgujarati katika simulizi, kiungo hicho kinakatika, na Mkipsigis anaonekana kana kwamba aliokota Kiswahili barabarani. Mwezi Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua raia wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi. Serikali, ambayo kwa kawaida huwa nyuma ya wasomi, imetangulia idara za Kiswahili katika jambo hili.

Wengine watauliza muda na fedha zitatoka wapi. Hili si ombi la kufungua idara ya Kigujarati. Kozi ya historia ya Kiswahili yaweza kutenga mihadhara miwili kwa ajili ya bahari nzima badala ya upande mmoja. Somo la hati laweza kutaja kitabu cha mwaka 1890. Walimu wa leksikografia waweza kuwagawia wanafunzi maneno 50 yenye asili ya India na kuwataka waseme kila moja limetoka lugha gani, badala ya kuridhika na Kihindi. Kwa tasnifu za uzamili, vyuo vya Narok, Bomet na Kabianga viko karibu na ushahidi kuliko vile vya Mombasa, maana kilichotokea kaunta kilitokea bara.

Ushahidi huo una umri. Wako wazee katika vijiji vya Sotik, Kericho na Bomet ambao katika ujana wao walikuwa vijana wa duka: walipima sukari, walibeba magunia, wakajua kuhesabu kwa Kigujarati kabla ya kujua kwa Kiingereza, na wanakumbuka jinsi bwana wao alivyotamka kila neno. Likizo moja na kinasa sauti kimoja vinatosha kuanzia. Aliyekuwa na miaka 20 wakati maduka yale yalipobadilisha mikono mwaka 1967 sasa anakaribia miaka 80, kama hajaifikisha.